Rauta ya laini kwenye kituo cha parachichi, Rungwe

Jamani huku Rungwe milima inakata netiweki balaa, mnara uko ng'ambo ya kilima, ndani ya ofisi ya bati simu inaonyesha 4G lakini hata picha ya mzigo haiendi kwa mnunuzi. Dawa ni antena ya nje. Tumechukua rauta ya laini, ile unayoweka laini ya simu ikatoa intaneti, yenye matundu ya antena, tukaifunga antena juu ya mlingoti, waya mfupi kadiri inavyowezekana maana mrefu unakula mawimbi, halafu unaigeuza taratibu huku mwenzako anasoma RSRP, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi ya 4G, kwenye rauta, -110 hovyo kabisa, -90 unapiga kazi vizuri tu. Bendi, yaani masafa ya mawimbi, ya 800 MHz inafika mbali kuliko ya 2600. Umeme ukikatika, rauta nyingi zinatumia volti 12 kwa hiyo betri ya sola inatosha, ila soma kwanza volti zilizoandikwa kwenye chaja ya rauta yako!