Dawa iliingilia mgongoni

Kibumba, kaskazini ya Goma, mashariki mwa Kongo, hakuna mto. Mvua ikinyesha, ardhi ya volkano inaimeza yote, na kiangazi kikikaza mtu ananunua maji kwa bidoni, yale madumu ya plastiki, au anatuma watoto wakayatafute mbali. Naanza na maji kwa sababu watu wa Goma, wanaokula kabichi na viazi vya huko kila siku, wakisikia habari ya sumu iliyompata yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, swali lao la kwanza ni lilelile: alikunywa nini? Hakunywa kitu.

Ilikuwa mwaka 2010, katikati ya vakansi, likizo ya shule. Yaya alikuwa kibarua wa kupompa dawa ya viwavi katika shamba la kabichi la bwana mmoja aliyeishi mjini na kuja Kibumba Jumamosi tu. Mimi kazi yangu ilikuwa maji. Yalifika kwa chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, katika zile bidoni za njano, nami nikayapeleka kwenye mitaro ya kabichi kujaza pompe, ile ya kubeba mgongoni ya kunyunyizia dawa. Msimamizi aliyahesabu maji hayo kuliko alivyotuhesabu sisi. Ya kupompa yalikuwepo. Ya kunawa, alisema, kila mtu ananawa kwao jioni.

Dawa yenyewe ilinunuliwa sokoni Goma, imemiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina hata karatasi ya jina. Walipima kwa kifuniko cha chupa. Siku hiyo viwavi vilikuwa vimetoboa majani mpaka moyoni, basi msimamizi akaamuru vifuniko viongezwe. Na pompe ilikuwa mbovu. Kifuniko chake hakikukaza tena. Walikuwa wamekifunga na sashe ya plastiki, na kila yaya alipoinama kufuata mtaro, dawa ilimchuruzika shingoni ikashuka mgongoni. Shati lake la bluu liligeuka jeusi mpaka kwenye mkanda. Nilipomwambia amelowa, alijibu, "Wacha, inapoza."

Saa nane hivi akaanza kutema mate. Kwanza tulidhani ni ile harufu, maana ilikuwa kali, inakaribia ya kitunguu saumu kilichooza. Kisha akakaa chini na pompe bado mgongoni. Jasho lilimtiririka usoni, na mnajua baridi ya Kibumba hata jua likiwaka. Akatapika. Akajichafua, mtu mzima, mbele ya vibarua wenzake, hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa shamba la jirani akasema ni karuho, ile sumu ya siri, amelishwa na mtu. Mwingine akakimbilia mafuta ya mawese ya kumnywesha ili atoe sumu. Msimamizi alisema ni malaria tu, huku anaichukua pompe na kuangalia dawa iliyobaki.

Tulimbeba kwenye chukudu ileile ya maji mpaka kituo cha afya. Huko ndiko nilikokutana na mtu ambaye mpaka leo namheshimu kuliko maprofesa wengi. Muganga yule, mtabibu wa kituo, hakuuliza alikula nini. Alimfunua jicho, akawasha tochi, akaniita nione: mboni ilikuwa imesinyaa, nukta ndogo kama ncha ya sindano, ndani ya chumba chenye giza ambamo yangu mimi bila shaka ilikuwa imepanuka. Nyama za mashavu zilikuwa zinachezacheza zenyewe chini ya ngozi. Akanusa shati. Akalikata kwa mkasi badala ya kulivulia kichwani, akavaa glavu, akasema, "Kijana, lete maji na sabuni. Mafuta hapana! Akitapika tena yataingia kwenye mapafu. Hii imepitia kwenye ngozi."

Maji tena. Nilirudi kwa msimamizi kuomba bidoni moja, akaniambia zimeisha. Wauguzi walitoa ya kwao ya kupikia. Tulimsugua mgongo, nywele, kwapa, chini ya kucha, na nilishangaa povu lilivyoendelea kunuka.

Muganga alimchoma atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, akangoja dakika chache, akaweka sikio kifuani, akachoma tena. Alinieleza huku anafanya kazi. Dawa za aina ile zinazuia kitu mwilini ambacho kazi yake ni kuinyamazisha mishipa ya fahamu ikishatoa amri; kisipokuwepo, amri hazikomi. Mate yanatoka, jasho linatoka, mapafu yanajaa maji, misuli inatetemeka mpaka inachoka, na misuli ya kupumua nayo inaweza kuchoka. Kiwavi hufa hivyohivyo, alisema. Atropini inakausha mapafu lakini haiirudishii misuli nguvu, kwa hiyo lazima mgonjwa ashuke Goma kwenye oksijeni, kabla vichupa vya atropini havijaisha.

Tulishuka kwa moto, yaani pikipiki, yaya katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Zaidi ya kilomita 20, na kila alipokohoa nilihesabu kama ni pumzi.

Usiku, hospitalini, mdomo ulimkauka, mashavu yakawa mekundu, akaanza kumwongelesha marehemu babu na kuchuna nyuzi za blanketi moja moja. Nililia. Daktari akaja akanituliza: hiyo ni atropini imefika, tutaipunguza. Asubuhi aliniita kwa jina langu. Lakini shingo hakuweza kuinyanyua kutoka kwenye mto kwa siku kadhaa zilizofuata, na miguu ilikawia zaidi. Chukudu, ambayo zamani aliisukuma akiimba, ilimshinda msimu mzima.

Baba aliuza mbuzi kulipa hospitali. Alipokwenda kumwona mwenye shamba, alijibiwa kwamba pompe ni ileile wengine wanaitumia, mbona hawajaanguka? Kabichi zile zilikatwa wiki ileile, zikapakiwa kwenye lori.

Msimamizi alituma mtoto na malipo ya yaya: nusu siku, kwa sababu mitaro haikumalizika. Baba alitaka zirudishwe zitupwe mlangoni kwake. Mama alizichukua, akazifunga kwenye kitambaa. Nauli ya kwenda kontrole Goma, daktari amwangalie tena, ilikuwa bado haijapatikana.