Ritifaa ya King'orani: ninavyounganisha nakala mbili za faili moja

Faili ni CSV (jedwali la maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa koma) ya mitaa ya Mombasa na bei za kupeleka mizigo, mtaa mmoja kwa kila mstari. Nakala moja huhaririwa Changamwe, nyingine Likoni, kisha mimi huzirudisha kuwa moja.

Kwanza huzisafisha. diff, amri inayoonyesha tofauti za faili mbili, hulinganisha baiti, haijali jicho linaona nini. King'orani yenye ritifaa iliyonyooka (baiti moja, 27) na yenye ile iliyopinda ambayo Word hupenda kuiweka (baiti tatu za UTF-8, E2 80 99), kwake ni mitaa miwili. Kwa lugha iliyojaa ng' hiyo ni balaa. Tena faili za Windows humaliza mstari kwa CR na LF (alama mbili zisizoonekana) badala ya LF pekee, basi diff hudai faili nzima imebadilika. Kwenye Linux, amri hii hurekebisha yote mawili:

sed -i "s/’/'/g; s/\r$//" asili.csv changamwe.csv likoni.csv

Hiyo asili.csv ni nakala ya kabla ya kugawanywa. Usiifute kamwe. Ukiona Bamburi 300 huku na 350 kule, ni asili pekee itakayokwambia nani kabadilisha. Kisha huziunganisha kwa git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya faili:

git merge-file -p --diff3 changamwe.csv asili.csv likoni.csv > mpya.csv

Hapa huhitaji hazina ya git (folda inayofuatiliwa na git). Ukisahau -p, matokeo huandikwa juu ya changamwe.csv. Penye mgongano utakuta alama <<<<<<<, maneno ya asili chini ya |||||||, kisha ======= na >>>>>>>. Mistari miwili inayopakana, kila mmoja ukiwa umebadilishwa na mtu wake, nayo huhesabiwa mgongano. Hiyo huamuliwa haraka.

Ninachokihofia zaidi ni kisicholalamika. Wote wawili wakiongeza Mtongwe, mmoja juu, mwingine chini, mtaa huingia mara mbili kimya kimya. Kwa hiyo huorodhesha majina yaliyojirudia:

cut -d, -f1 mpya.csv | sort | uniq -d

Nikiletewa kiraka tu, yaani orodha ya mabadiliko iliyotolewa na diff -u, huanza na patch --dry-run, jaribio lisilogusa faili. Kiraka hutafuta mahali pake kwa mistari mitatu ya jirani kila upande, na patch huweza kupuuza hadi miwili ya kila upande. Ikifanya hivyo hutaja "fuzz". Katika orodha yenye mistari inayofanana, kiraka kinaweza kushonwa pasipo pake, ndiyo maana huongeza -F0, inayokataza kupuuza huko. Kikikataliwa, kipande husalia kwenye faili ya .rej, nami hukiingiza kwa mkono.