Ndoo, Chekeche na Sindano

Assalaam alaykum, ndugu zangu katika imani.

Ijumaa hii tubaki na neno moja tu, la mwisho katika sura ya 107: al-maun. Sura yenyewe ina aya 7, watoto wa madrasa huihifadhi mapema, na labda ndiyo maana sisi watu wazima tunaipita mbio. Inamtaja anayemsukuma yatima, inawaambia ole wao wenye kusali huku wakighafilika na sala zao, kisha inamalizia kwa wanaozuia al-maun. Wanazuia nini hasa?

Abdullah bin Masud (r.a.), sahaba wa Mtume, amesema kwamba zama za Mtume (s.a.w.) walikuwa wakihesabu maun kuwa ni kuazimana ndoo na chungu. Ikrima, mwanafunzi wa Ibn Abbas, akaipanga kwa daraja: ya juu kabisa ni zaka, ya chini ni chekeche, ndoo na sindano. Sindano! Kitu ambacho hata kikipotea hakuna atakayekwenda kumshtaki mtu kwa mjumbe wa mtaa.

Wapo wanazuoni wa lugha wanaolirudisha neno hili kwenye maana ya kitu kidogo. Wengine wanalitoa kwenye 'awn, msaada, ambalo ndilo lililotupa sisi "kuauni". Rai hii ya pili ndiyo inayonikaba, kwa kuwa mzizi huohuo umo ndani ya al-Fatiha: iyyaka nastain, Wewe tu tunakuomba msaada. Sala 5 za faradhi zina rakaa 17, na al-Fatiha husomwa katika kila rakaa. Mara zote hizo tunaomba auni, halafu jirani akipiga hodi kutaka mbuzi ya kukunia nazi, tunamtuma mtoto akamwambie mama hayupo.

Najua mtasema vitu havirudi. Sufuria huondoka zima likarudi na tundu, ngazi ikahamia mtaa wa pili. Kweli kabisa, na mwenye kuazima naye ana wajibu wake. Kabla ya vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, Mtume alimwomba Safwan bin Umayya, mkubwa mmoja wa Makureshi, amuazime deraya, mavazi ya chuma ya vitani. Safwan, ambaye alikuwa bado hajasilimu, akauliza: unaninyang'anya? Akajibiwa: la, ni azima yenye dhamana. Vita vilipokwisha baadhi ya deraya hazikuonekana, na Mtume akataka kumlipa. Safwan hakupokea fidia. Alisema kilichomo moyoni mwake leo, yaani imani, hakikuwemo siku ile.