Kabla hajamaliza kuungama
Mwezi uliopita, kwenye maombi ya asubuhi hapa Kadutu, mjini Bukavu, papa (baba) mmoja aliyeacha kanisa miaka mingi alisimama kuungama. Sauti ikamkauka. Wengine nyuma walinyoosha shingo wasikie ni dhambi gani (sisi wakristo tunapenda habari!). Mchungaji akashuka, akamkumbatia, wakalia wote wawili.

Nikakumbuka Luka 15, habari ya mwana mpotevu anayerudi kwa baba yake. Yule kijana alikuwa amepanga maneno yake kabla ya kuanza safari: nihesabu kama mmoja wa watumishi wako. Lakini baba alimwona angali mbali, akakimbia. Mzee mzima kukimbia mbele ya watu! Ombi la utumishi halikufika mdomoni. Tayari vazi, pete na viatu vimeagizwa.

Sasa papa yetu yuko kwaya, upande wa besi. Anaimba vibaya kabisa, na hakuna anayemtoa.