Daftari la mama

Tangu mama aanze dripu za kemo, yaani dawa kali za saratani, kila jioni naandika anavyojisikia: kichefuchefu, vidonda vya mdomo, ganzi ya vidole, kama amekula. Wiki iliyopita muuguzi aliusoma ukurasa wenye ganzi, akamwita daktari, na dozi ikapunguzwa papo hapo. Mama asingesema. Akiulizwa hali hujibu, "Nzuri tu, mwanangu," hata kama vifungo vya gauni vinamshinda.

Kumbe jambo hili limefanyiwa utafiti. Huko New York, Dk. Ethan Basch na wenzake walifuatilia wagonjwa 766 wa kemo wenye saratani iliyosambaa. Waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi wakaripoti dalili kwa kompyuta, na dalili ikizidi muuguzi anapata ujumbe, wengine wakahudumiwa kama kawaida. Matokeo ya 2017: nusu ya walioripoti waliishi zaidi ya miezi 31.2. Kwa wengine, miezi 26. Miezi mitano, jamani, kwa kusikilizwa!

Wenye wagonjwa nyumbani, andikeni. Na usiku pia, maana maumivu ya saa nane za usiku hayatajwi asubuhi kliniki.