Wiki ya saba

Jumapili usiku. Mchele nimeuloweka tangu saa nane mchana. Nimeuangalia kabla ya kuketi kuandika: maji yamepata rangi ya chai nyepesi, punje zimevimba kidogo. Nikachukua moja nikaikuna kwa ukucha. Ule utando wa kahawia ukabanduka, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na chini yake ukatokea mchele mweupe niliokula maisha yangu yote. Nimekaa na kile kipande kwenye ncha ya kidole. Hiki ndicho nilichokuwa nikiwalipa watu wanitolee.

Wiki saba zilizopita nilikwenda kwa daktari kwa ajili ya mgongo. Akauliza maswali yake, halafu kwa sauti ileile: "Na choo unapata mara ngapi kwa wiki?" Nikasema kawaida tu. Akainua macho. "Kawaida ni mara ngapi, mama?" Nikaona haya. Mara mbili, nikamwambia, pengine tatu, na kwa shida. Hata mume wangu, miaka kumi na minne tuko pamoja, sikuwahi kumwambia. Nilishazoea kuamka na tumbo zito, nikadhani ndivyo nilivyoumbwa.

Akaniuliza nakula nini. Asubuhi mkate mweupe. Mchana wali mweupe. Jioni chochote cha unga mweupe kilicho karibu. Kadiri nilivyotaja ndivyo jibu lilivyojileta lenyewe.

Jioni ile nilichukua kalamu nikahesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi, zile sehemu za mimea ambazo tumbo haliwezi kuzimeng'enya, kwa siku kutoka kwenye vyakula vyenyewe. Gramu 100 za wali mweupe uliopikwa zina nyuzinyuzi ambazo hazifiki hata nusu gramu. Mkate mweupe, uzito uleule, gramu kati ya 2 na 3. Nikaongeza na mboga, nikaongeza na tunda, sikufika hata nusu ya kinachotakiwa. Na nilikuwa nashiba! Hilo ndilo lililoniuma. Miaka yote hiyo sahani imejaa, na utumbo umekaa na njaa yake.

Punje ya ngano ina sehemu tatu. Nje kuna pumba, kama 14.5% ya uzito wake, na humo ndimo nyuzinyuzi nyingi zilimo. Ndani kuna kiini kidogo, kama 2.5%, ambacho ndicho kingechipua mmea, kina mafuta na vitamini. Sehemu yote iliyobaki zaidi ni wanga, chakula cha huyo mche mchanga. Kukoboa ni kuondoa viwili vya kwanza na kubaki na hiyo sehemu ya wanga. Nchi nyingi huurudishia unga mweupe madini ya chuma na baadhi ya vitamini B kiwandani, lakini nyuzinyuzi zikishatoka kwa kawaida hazirudishwi. Nilikuwa nasoma maneno "umeongezwa virutubisho" kwenye mfuko na moyo unatulia.

Basi nikaingia kwa pupa. Kesho yake nilibadilisha kila kitu kwa mpigo: mkate, wali, uji, na juu yake vijiko viwili vya pumba kwenye kila mlo. Siku ya tatu tumbo likajaa gesi mpaka nikashindwa kufunga zipu ya sketi. Maumivu yalikuja kwa mawimbi, choo hakikuja. Nililala chali nikasema moyoni kwamba haya mambo si yangu.

Nilimpigia daktari. Hakunicheka. Aliuliza swali moja: "Maji je, unakunywa?" Sikuwa nakunywa ya kutosha, na sikujua kwamba yanahusika. Nyuzinyuzi nyingine hunyonya maji zikavimba, na ndivyo choo kinavyolainika. Maji yakikosekana, ule mzigo unakauka palepale. Na gesi? Kwenye utumbo mpana wanaishi bakteria ambao chakula chao ni hizi nyuzinyuzi tusizoweza kuzimeng'enya sisi. Wanazichachusha, na katika kuchachusha wanatoa gesi, lakini wanatoa pia asidi ambazo chembe za ukuta wa utumbo wenyewe huzitumia kama nishati. Jamii hii huchukua muda kuzoea mlo mpya. Mimi niliwamwagia ghala zima kwa siku moja.

Nikaanza upya. Wiki ya kwanza nilibadilisha kifungua kinywa peke yake, uji wa oti, na bilauri ya maji kabla na baada. Wiki ya pili ule mkate. Mchele ulingoja mpaka wiki ya nne.

Kwenye mkate nilidanganyika, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Nilinunua mkate wa rangi ya kahawia, umenyunyiziwa mbegu juu, mfuko umechorwa masuke. Nimekula siku tano ndipo nikasoma maandishi madogo nyuma: cha kwanza unga wa ngano wa kawaida, na mbele kidogo rangi ya karameli. Walikuwa wamepaka weupe rangi! Mtu anayetafuta afya kwa dhati hafai kufanyiwa hivyo. Siku hizi siangalii rangi. Natafuta "ngano nzima" iwe ya kwanza kwenye orodha, kisha nashuka kwenye jedwali kuona kama nyuzinyuzi zinafika gramu 6 kwa kila gramu 100. Usipofika naurudisha.

Unga wa nafaka isiyokobolewa nao una tabia yake. Mafuta ya kile kiini huharibika, kwa hiyo haukai muda mrefu kama mweupe. Mfuko wangu wa kwanza niliusahau kabatini karibu na jiko, nikaufungua ukawa na harufu ya mafuta mabovu na uchungu ulimini. Sasa nanunua kidogo na kuuweka kwenye jokofu.

Mchele ndio uliotutesa. Wa kahawia unataka dakika 40 au zaidi motoni, na mara ya kwanza niliutoa mapema. Binti yangu, ana miaka tisa, alitafuna kwa muda mrefu akaniambia, "Mama, huu wali bado haujalala." Nikajaribu kuchanganya: natanguliza wa kahawia peke yake, ukishakaa motoni kama dakika 25 ndipo naongeza mweupe, viive pamoja. Nusu kwa nusu. Mume wangu alikula sahani mbili bila kusema neno, nami sikusema neno. Wiki hii robo tatu ni kahawia, na kuloweka kumesaidia sana.

Katika kusoma nimekutana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi miaka mingi Uganda. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha utafiti juu ya choo: kina uzito gani, na chakula kinachukua muda gani kutoka mdomoni hadi kitoke. Waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi walikuwa na choo kizito, laini, na safari fupi. Waliokula vilivyokobolewa, kidogo, kigumu, na safari ndefu. Nilisoma nikamfikiria daktari mzima akipima vitu hivyo kwenye mizani bila haya yoyote, na mimi nimeficha miaka kumi na minne.

Ningependa kusema pia kwamba si kila tumbo ni sawa. Aliye na ugonjwa wa siliaki, ambao utumbo hudhurika kwa protini iliyomo kwenye nafaka hizi, hawezi kugusa ngano, shayiri wala rai, ziwe nzima zisiwe nzima. Mwenye utumbo uliowahi kuziba au kufanyiwa upasuaji azungumze na daktari wake kwanza. Na nafaka peke yake hainifikishi zile gramu 25 za siku. Maharage ndiyo yanayonivusha, kikombe kimoja kilichopikwa kina gramu karibu 15.

Mimi sasa napata choo karibu kila siku. Naandika hivyo hapa, wazi. Lakini sikuketi usiku huu kuandika habari zangu.

Binti yangu naye alikuwa akikaa chooni muda mrefu. Nilikuwa namgongea mlango, namwambia afanye haraka tutachelewa. Mara mbili nilimsikia akilia, nikadhani ni deko. Sikuwahi kumuuliza, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza mimi. Baada ya kutoka kwa daktari siku ile nilikaa naye kitandani nikamuuliza, taratibu, na akajificha uso kwenye mto kabla ya kujibu.

Leo asubuhi nilikuwa nakoroga uji. Akatoka, akanawa mikono, akaja akasimama karibu nami, akaninong'oneza, "Mama, nimeenda, na hakujauma."

Nikampa bakuli lake. Ngoja nikabadilishe yale maji ya mchele.