Nimerudi, na daftari nimeanza na mgonjwa wa zamani

Jamani nimerudi. Miaka tisa nje, niliondoka nikiwa daktari wa upasuaji wa kawaida, nimerudi kazi yangu ni moja tu, kansa adimu za tumbo, yaani za kidole tumbo, za utando unaofunika matumbo, na sarkoma, yaani kansa za nyama laini, zinazojificha nyuma kule karibu na figo. Wengi mnaniuliza kwa nini nimeng'ang'ania vitu adimu wakati wodi zimejaa kansa za kawaida, swali la haki kabisa, ngoja nijibu.

Kabla sijaondoka nilimpasua mama mmoja, tumbo limejaa, karatasi inasema kansa ya ovari. Nikafungua nikakuta ute, mzito kama jeli, umejaa juu ya ini, umejaa kwenye nyonga, nikauchota kwa mkono tukajaza mabakuli, nikachukua kipande cha ovari cha maabara, nikafunga. Familia nikawaambia hakuna cha kufanya. Na nilikuwa na uhakika, hilo ndo linaniuma mpaka leo.

Kumbe ugonjwa ule una jina, sudomiksoma, na mara nyingi hauanzii kwenye ovari, unaanzia kwenye kidole tumbo. Kauvimbe kadogo kanatengeneza ute, kidole kinajaa, kinapasuka polepole bila hata maumivu makali, seli zinamwagika na kufuata majimaji ya tumbo, zinatua upande wa kulia chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, kwenye omentamu, ule utando wa mafuta unaoning'inia mbele ya matumbo, na chini kabisa nyongani. Utumbo mwembamba kwa vile unacheza muda wote seli huwa haziushiki sana mwanzoni, na hapo ndipo tumaini lilipo, maana ukiweza kuutoa ute na utando wake utumbo unabaki na mtu anaendelea kula.

Kazi yenyewe ilipangwa na Paul Sugarbaker kule Washington, unamenya utando kipande kwa kipande, kwanza unahesabu ugonjwa umeenea kiasi gani, tumbo linagawanywa maeneo 13, kila eneo linapewa 0 mpaka 3, jumla ya juu kabisa 39. Mwisho unajiuliza nini kimebaki, lengo ni kusibaki kinachoonekana, au kikibaki kisizidi milimita 2.5. Masaa nane, masaa kumi mmesimama. Halafu ndo inazungushwa kemo ya moto, yaani dawa ya kuua seli za kansa iliyopashwa moto, tumboni, nyuzi 41 mpaka 43.

Sasa tangu nifike kila mtu anaulizia hiyo mashine ya kemo ya moto. Wandugu, mashine siyo roho ya kazi hii. Wafaransa walifanya utafiti unaitwa PRODIGE 7, wagonjwa 265 wa kansa ya utumbo mpana iliyosambaa kwenye utando, wote walipasuliwa vizuri, nusu wakaongezewa kemo ya moto ya oksaliplatini kwa dakika 30, majibu yakachapishwa 2021, hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao. Ni kansa nyingine, najua, na dawa moja, lakini ilinifundisha kuheshimu kwanza upasuaji wenyewe, daktari wa usingizi, manesi wa ICU, na mtu wa patholojia anayekaa na darubini bila haraka.

Ndo maana nimeanza na daftari la kuandikisha wagonjwa wa kansa hizi. Ugonjwa unaopata mtu 1 mpaka 4 kwa kila milioni kwa mwaka hospitali moja haiwezi kuujua peke yake, lazima tukusanye. Kwa hiyo naomba wenzangu, ukikuta kidole tumbo kimevimba ute usikipasue, kitoe kizima, kipeleke chote maabara. Ukifungua tumbo ukakutana na jeli, chukua sampuli, andika ulichoona na wapi, funga, usianze kukatakata huku na huku, kila utando ulioguswa unafanya makovu na seli zinajificha humo, anayekuja baada yako anapata tabu mara mbili. Halafu nipigie, hata usiku.

Faili la yule mama nimelitafuta wiki iliyopita. Lipo, na kipande chake bado kimehifadhiwa kwenye nta maabara, tumekipeleka kipakwe rangi upya kiangaliwe tena kwa darubini. Namba 1 kwenye daftari ni yeye. Kwenye mstari wa kidole tumbo nimeandika kwa mkono wangu: hakikuangaliwa.